Mchanga Kwenye Bugali

Ptuu! Mgeni wa kwanza alitema. Wa pili akatema. Mchungaji mwenyewe alitoa tonge mdomoni akalificha chini ya sahani. Bugali ya harusi ilikuwa na mchanga, mchanga unaosaga meno, ule ule wa pwani ya ziwa ambao mbuzi wa mji wa Baraka wanakunya juu yake kutwa.

Waliopika ni chama cha bamama wa kanisa. Harusi ikija, kila mama analeta unga wa muhogo kutoka kwake, unachanganywa, wanapika pamoja. Sasa mmoja wao alikuwa amelisha watu udongo.

Siku ya tatu, prezida wa chama, Mama Pulchérie, aliwaita wote nane kwenye ua wa kanisa, kila mmoja na unga wake uliobaki. Kinyaa kilikuwa bado kimemkaa usoni.

“Mwenye alifanya hii uchafu atatoka mu chama,” alisema. “Na mbele ya kutoka, atakula kijiko ya unga yake, mubichi, tukiangalia.”

Macho yote yalimwendea Consolate, mkimbizi wa kutoka Burundi. Binti yake Aline alikuwa anaolewa Jumamosi. Mama akifukuzwa, nani atampikia mtoto?

Solange alileta mizani yake ndogo ya kupimia keki. Pulchérie ndiye aliyeiomba, tangu jana.

“Kopo moja ni kilo moja, kila muntu anajua,” Pulchérie alisema. “Unga ya kweli iko muzito. Maganda na uchafu ndiyo iko nyepesi.”

“Kopo ya maji ni kilo,” Solange alisema. “Ya unga sijapima.”

“Mi naipimaka na mukono, miaka makumi mbili!”

Wakaanza na Consolate. Unga wake ulijazwa kwenye kopo la chama, ukasawazishwa kwa kisu, ukamwagwa kwenye mizani. Gramu mia saba.

“Aka!” Pulchérie aliziba pua. “Gramu mia tatu iko wapi? Nilisema zamani, bale bantu ba Burundi habana haya!”

Akajaza kopo lile lile kwa unga wake mwenyewe. Kilo moja kasoro gramu kumi. Bamama wakapiga vigelegele, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu harusi.

“Tumemaliza. Consolate, kijiko ni hii.”

Consolate alikipokea. Alichota unga wake, akautia mdomoni, akautafuna polepole mbele yao wote. Walitega masikio wasikie mchanga ukisaga meno. Hawakusikia kitu. Akameza.

“Nimekula, mama prezida. Naomba kitu moja tu. Mupime na ya bengine.”

“Ya nini tena? Mukosaji tumemuona!”

Lakini Solange alikuwa ameshashika kopo. Unga wa Gentille, mia saba. Wa Immaculée, mia sita na tisini. Wa Marie, mia saba. Akaendelea hivyo hivyo mpaka wa mwisho, na wa kwake pia: mia saba. Vigelegele vilikuwa vimekwisha zamani.

Solange akachukua kijiko mkononi mwa Consolate, akakipangusa vizuri kwa kitenge, akakichomeka katikati ya unga wa Pulchérie.

“Mchanga ndiyo iko muzito. Karibu, mama prezida. Tunaangalia.”