Sehemu ya Saba

Msichana wa kwenye filamu aliposhika kitasa cha mlango wa stoo, niliacha kutazama televisheni, nikamtazama shangazi.

Tangu apigwe na kiharusi alikuwa hajatamka neno. Mtaalamu wa hospitali alimwonyesha picha za kikombe na za paka hadi mtaalamu mwenyewe akachoka. Mama aliponiona naweka filamu ya muuaji mwenye barakoa, sehemu ya saba, alinijia juu: "Mgonjwa na mauaji, wapi na wapi?"

Lakini sehemu zote zilizotangulia tulizitazama pamoja, mimi na shangazi, na zote ni hadithi ileile. Vijana wanakwenda kwenye nyumba iliyo porini, taa zinazimika, muziki unanyamaza, na lazima awepo msichana wa kufungua mlango. Hapo ndipo shangazi alipokuwa akimpigia kelele, kila mara, kama vile yule msichana anamsikia.

Muziki ukanyamaza.

Mkono wa shangazi, ule mzima, ukaukaba mto wa kochi. Mdomo ukampinda, mate yakamchuruzika kidevuni.

"Usi..."

Mama akaganda mlangoni na sahani yake.

"Usifungue, mjinga wewe!"

Msichana akafungua, angefanya nini tena? Akauawa palepale. Mama akaangua kilio, mimi nikarukaruka juu ya kochi kama nimefunga bao la fainali.

Shangazi hakuwa na habari na sisi. Alikuwa ameinyooshea televisheni kidole.

"Ru...di...sha," akasema.