Jiko Lililokataa Ugali

Tangu Kulthumu apasuliwe na kupunguzwa tumbo kwa sababu ya kisukari, jiko la nyumbani kwake lilikataa kupika ugali. Ndivyo majiko yote yalivyokuwa siku hizi: akiwepo mtu aliyepunguzwa tumbo, nyumba nzima haipikiwi wanga. Ukibandika tu sufuria, jiko linaomba radhi kwa sauti nyororo, kisha linazima moto.

Yeye hakulalamika. Sukari yake ilikuwa imeshuka, na siku hizi matonge mawili tu ya ugali yangemtoa jasho, moyo ukamwenda mbio. Aliyechoka ni mumewe, Shomari. Kila jioni alimchukua binti yao, Sabra, wakaenda kula kwa jirani. Wakirudi, Kulthumu alijizuia asiwanuse vidole.

Jumamosi moja alitoka kliniki mapema. Harufu ya ugali ikampokea mlangoni. Akaingia jikoni mbiombio, akamkuta Shomari anasonga, na moto unawaka vizuri kabisa.

"Baba Sabra, jiko limekubalije?"

Shomari hakugeuka. "Liliuliza tunaoishi hapa ni nani na nani."

"Ukalijibu nini?"

Mwiko uliendelea kuzunguka. Sabra, aliyekuwa amekwisha kutandika mkeka na kuweka sahani mbili, alimtazama mama yake, kisha akakimbilia kabatini kutafuta ya tatu.

Ugali ulianza kuungua. Kulthumu akanyoosha mkono apunguze moto, kama alivyozoea.

"Samahani, mgeni," jiko likasema kwa upole. "Naomba umwite mwenyeji."