Kengele ya Msalani

Katika kiwanda cha kushona mashuka, ufunguo wa choo ulifungwa pamoja na kengele ya mbuzi, ili kila anayekwenda asikike. Mwajabu alipousogelea tena asubuhi hiyo, msimamizi aliinua kichwa.

“Tena, Mwajabu? Kwani unaumwa nini? Sema tu, hapa sote ni ndugu.”

“Ninachoumwa anakijua daktari, Bwana Kitwana.”

“Na sisi tukijue!”

Mwajabu alirudi kwenye cherehani yake, akabana magoti, akachukua kipande cha shuka, akashona kifuko taratibu kama anayemshonea mtoto ambaye bado hajazaliwa. Vumbi la pamba lilielea kwenye mwanga wa dirisha, jeupe, lisilo na haraka. Kisha akaurudia ufunguo, akaivika kengele kifuko kile, akakaza uzi, akaenda nayo.

Hakikusikika kitu. Alijiona kama anatembea juu ya mawingu.

Aliporudi na kuutundika ufunguo, Bi Kidawa, aliyezoea kujizuia mpaka saa ya kutoka kazini, akainuka na kuuchukua. Naye akapita kimya.

Msimamizi alimngoja mlangoni, akampokonya kengele, akaitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza maji ndani ya nazi. Kimya. Akaitikisa tena. Kisha akatafuta ncha ya uzi ili aufumue.

Cherehani zote zikanyamaza. Kila mwanamke alikuwa ameshika kipande cheupe mkononi, na sindano imeshatungwa uzi.