Shati la Mai Mahiu

"Wangare, hiyo shati ifuliwe saa hii," mumewe aliita kutoka bafuni. "Ni damu ya mbwa. Nilimgonga pale Mai Mahiu, nikamtoa barabarani."

Miaka saba ya kuwafulia watu wa Milimani ilikuwa imemfunza Wangare mambo ya damu. Ukiiloweka kwa maji baridi na sabuni ya kipande, inatoka yote. Ukiimwagia maji moto, inashika kwenye uzi, na hata ufue mwaka mzima doa halitoki.

Alitandaza shati juu ya beseni ili aanze kusugua mabegani.

Begani, karibu na kola, palikuwa na alama nne nyembamba za damu, kama za vidole, zimepangana, na ya tano kando. Aliweka kiganja chake juu yake. Kilizifunika zote, na nafasi ikabaki.

Mbwa hamshiki mtu bega.

Bafuni maji yaliacha kumwagika. "Imetoka?"

"Bado," Wangare alijibu. Kwa mguu, akaisukuma kando ndoo ya maji baridi.

Jikoni, maji ya ugali yalikuwa yakitokota. Akaepua sufuria, akarudi nayo kwenye beseni, akaanza kuyamimina pale begani.