Pua ya Getini

Mpiga tarumbeta alikuwa wa tano kwenye foleni, na kinywani mwake mlikuwa na karafuu saba, ganda la limau na majani ya mnanaa aliyoanza kuyatafuna tangu mlangoni kwao. Getini alisimama mdogo wake wa miaka kumi na mitatu, mikono nyuma, akimnusa kila mwanafunzi kabla hajaingia. Pembeni, mwalimu wa nidhamu alishika daftari na kalamu.

Shule nzima ilimwita Pua. Akiwa mdogo aliwahi kusikia harufu ya gesi iliyovuja jikoni kwa jirani, watu wazima wote wakiwa bado wanapiga soga, na tangu siku hiyo sifa zake hazikushikika. Kwa hiyo sigara zilipozidi vyooni, mwalimu wa nidhamu hakuumiza kichwa. Muhula ulipofunguliwa alimpa Pua kazi ya getini. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa ameinuka kitandani, mafua yamemlaza likizo nzima, lakini alikubali kwa moyo mweupe.

Adhabu ilikuwa moja tu: ukikamatwa, nyumbani wiki mbili. Na mashindano ya bendi yalikuwa yamebaki wiki tatu. Mpiga tarumbeta akikosa mazoezi, nafasi yake angepewa yule wa kidato cha pili anayepuliza kama anapoza uji.

Siku za mwanzo Pua alikuwa ameshakamata wawili, na wote walikiri papo hapo. Alikuwa na mtindo wake. Hakugusa shati wala vidole vya mtu. Alisimama naye uso kwa uso, akamtazama machoni taratibu, akasubiri. Wasio na lao walicheka na kumwambia anuse na makwapa. Wenye lao walibana pumzi.

Zamu ya kaka ikafika. Akabana pumzi, maana mpiga tarumbeta anaweza kuibana mpaka watu wakamsahau.

Pua akamtazama. Akaendelea kumtazama.

"Moja tu, kaka?" akanong'ona.

"Nusu," akajibu kabla hajajijua.

"Leo nakuachia, mama asije akalia. Kesho sikujui. Na hayo majani uliyotafuna yamekuganda menoni."

"Vipi huyo?" mwalimu akauliza.

"Apite, mwalimu."

Alipita huku akiyasugua meno kwa ulimi. Sigara alizianzia likizoni, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na vijana waliomwambia kwamba msanii bila moshi hajakamilika. Tangu hapo sauti yake ndefu ya mwisho, ile iliyompa nafasi mbele ya bendi, ilikuwa ikikatika katikati. Alisingizia vali, vile vitufe vya tarumbeta, kwamba zinakwama. Kila siku alizidondoshea mafuta ya taa kutoka kichupa kilichoisha cha marashi ya waridi ya mama, alichokiweka katika mkoba wa tarumbeta. Vali zililainika vizuri, na sauti ikazidi kukatika.

Kesho yake alivuta sigara akiwa ameishika kwa kijiti, mkono umevikwa mfuko wa plastiki, koti limegeuzwa ndani nje. Alipofika karibu na geti na kumwona mdogo wake amesimama pale, aligeuka akarudi nyumbani kuoga upya, akachelewa kipindi kizima. Jioni hiyo aliitupa pakiti chooni.

Kuacha hakukuwa lelemama. Alitafuna penseli tatu, akagombana na mpiga ngoma kwa sababu ya kiti, na kichwa kikamgonga siku nne mfululizo. Zaidi ya mara moja alishika njia ya kwenda nyuma ya lile duka. Kila mara aliliona lile jicho la getini likisubiri, akanywea.

Nyumbani, lakini, alishindwa kumwelewa huyu mtoto. Siku moja mama yao, fundi cherehani, aliitwa nje na mteja akasahau pasi juu ya kola ya shati. Chumba kilijaa moshi. Pua alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, ameipa pasi mgongo, anasoma, hata mama alipoingia mbio. Wiki hiyohiyo alikunywa maziwa yaliyochacha, kikombe kizima, akauliza kama yapo mengine.

"Huyu akishika kitabu, hata nyumba iungue," mama alisema, na iliungua kweli kidogo.

Mpiga tarumbeta aliona ni ujanja. Mtaalamu haipotezi pua yake kwa vitu vidogo.

Wiki ya tatu alikuwa akipita getini kifua mbele. "Nusa na makwapa," alimwambia mdogo wake, na wote wawili wakacheka. Siku ya mashindano ile sauti ya mwisho ilitoka, ikakaa, ikakaa tena, mpaka majaji wakaacha kuandika. Bendi ikashika nafasi ya kwanza, naye alifurahi hadi machozi.

Njiani kurudi alipitia dukani. Alasiri alimkuta mama kwenye cherehani na Pua sakafuni na kitabu chake. Akatia mkono katika mkoba wa tarumbeta.

"Shika, mdogo wangu. Marashi ya waridi, kama ya mama. Bila pua yako leo ningekuwa nimelala hapa natazama dari."

Pua hakuwahi kuwa na marashi yake mwenyewe. Alifungua kizibo, akajipaka mikononi, nyuma ya masikio na kidogo kwenye kola. Kisha akafumba macho, akavuta pumzi ndefu na kutabasamu.

Cherehani ikanyamaza.

"Nani kamwaga mafuta ya taa humu ndani?" mama akauliza.

Mpiga tarumbeta akarudisha mkono mkobani haraka. Kichupa kipya kilikuwa bado mle, kizibo hakijaguswa.

"Wala si mafuta ya taa, mama," alisema Pua, akisoma karatasi iliyobandikwa kichupani huku akijipaka tena shingoni. "Waridi tupu."