Globu ya Wati Ishirini

Mzee Shomari alikuwa amepanda ngazi kwa mara ya nne, na makasha matupu yalikuwa yanamwangukia kichwani.

"Ipo," alisema kutoka juu, ingawa alijua haipo. "Vuta subira, mama. Kwangu mtu hatoki mikono mitupu."

Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, kitenge safi, mkoba magotini. Alijitambulisha kwa jina la Advera, kutoka Bukene. Alitaka globu ya halojeni ya kumulika, ile ndogo ya miguu miwili, wati ishirini tu lakini yenye mwanga mkali. Ukumbi wa kigango chao cha kanisa unatumia sola, alisema, na betri haibebi zaidi ya hapo. Jumapili kuna kipaimara, na globu za siku hizi haziingii kwenye holda ya taa yao.

Shomari aliijua globu hiyo kama anavyoijua kofia yake. Miaka sita iliyopita yeye ndiye aliyeuuzia mtaa mzima, kila duka likafunga moja juu ya mlango. Kisha zikaacha kuletwa. Sasa ng'ambo ya barabara lilikuwa limefunguliwa duka jipya la vifaa vya umeme, lenye kuta za vioo, na wateja wake wa miaka yote walikuwa wakivukia huko huku wakijifanya hawamwoni. Jambo hilo lilimnyima usingizi. Jina lake ndilo alilokuwa amebaki nalo, na mchana ule jina lenyewe lilikuwa linategemea globu isiyozidi kidole gumba.

"Basi langu ni la saa tisa, mzee," alisema Advera kwa upole. "Labda nijaribu pale ng'ambo."

"Pale?" Shomari alishuka ngazi nusura aanguke. "Pale watakuuzia mapambo ya harusi. Kaa hapo hapo."

Akafanya kama wafanyavyo wenye maduka wa mtaa ule: mteja unampa kiti, bidhaa unaikimbilia kwa jirani. Alitoka na kandambili zake zikipiga kelele. Kwa Abdulatifu muuza vyombo, hakuna. Yake iliungua tangu Ramadhani. Kwa Sabiri wa baiskeli, hali ni hiyo hiyo. Akampigia simu mtu wake wa Mwanza. Zipo, akaambiwa, zitafika kesho na basi la asubuhi. Kesho! Alirudi jasho likimtiririka, akamweleza mgeni kila kitu, kwa nani imeungua na tangu lini, asije akadhani alikwenda kunywa kahawa.

Advera alimsikiliza kwa makini. "Masikini. Kwa hiyo mtaa wote hakuna inayowaka?"

"Imebaki moja tu. Ya Batuli, mjane wa sonara, pale kona."

"Basi hiyo iacheni, mzee wangu. Si vizuri kumwacha mama wa watu gizani. Acha tu mimi nivuke." Akainuka, akakung'uta kitenge.

Shomari hakungoja avuke.

Batuli alikuwa akipanga hereni kwenye kabati la kioo. Alipoambiwa shida iliyomleta mzee, alicheka, kisha akaona kwamba hatanii.

"Kaka Shomari, mtaa huu una mlinzi mmoja, naye hukaa kwa Abdulatifu. Kona yangu anaiona kwa taa hiyo tu."

"Usiku mmoja, dada. Kesho asubuhi nakufungia mpya kwa mkono wangu. Mama wa watu katoka Bukene, ana shughuli ya kanisani, nikamwambie nini?"

"Mwambie hakuna."

"Neno hilo sijawahi kulisema. Nianze leo, na wale ng'ambo wananichungulia?"

Batuli aliweka hereni chini. Walikuwa majirani miaka ishirini, na mumewe alipofariki, Shomari ndiye aliyesimamia msiba wote. "Ni kwa sababu ni wewe," alisema hatimaye, akamsogezea meza ya kupandia.

Saa tisa ilikuwa imepita aliporudi mbio, globu ameifunga kwenye leso. Aliomba radhi kwa ajili ya basi. Advera alisema hamna shida, usafiri utapatikana. Shomari akavuta waya wa kujaribia, maana mjini hapo hakuna mtu anayenunua globu bila kuiona ikiwaka mbele ya macho yake.

"Hakuna haja, mzee. Nakuamini."

Neno lile lilimlainisha moyo. Alimsindikiza hadi barabarani, akasimama makusudi mahali ambapo wenye duka jipya wangemwona vizuri. Siku hiyo alikula akashiba, akalala fofofo kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Asubuhi aliipokea globu mpya stendi, akapitia ngazi dukani, akaelekea kona akipiga mluzi. Alitaka Batuli aone kwamba Shomari akiahidi ameahidi. Mbele ya duka la mjane palikuwa na watu wengi kuliko kawaida ya saa mbili, naye akafurahi kwamba watamwona akiifunga.

Mlango ulikuwa wazi, kabati la kioo tupu. Askari mwenye daftari alikuwa akimuuliza Batuli kama anaweza kumtambua mtu aliyekuja jana kuifungua taa.

"Namtambua," alisema Batuli. "Ndiye yule anayekuja na ngazi."