Ngozi ya Mwanakondoo

Kondoo alimpiga kichwa yule mwanakondoo yatima kwa mara nyingine, naye akabingirika hadi ukutani.

"Mama gani huyo, hana hata huruma!" binti alisema. Alikuwa amempakata mtoto mchanga aliyekaukwa na sauti kwa kulia.

"Mama aliyefiwa," mama yake alijibu, akinoa kisu taratibu. "Alimlamba wake alipozaliwa, harufu ikamkaa kichwani. Mwingine yeyote kwake ni mgeni."

Mwanakondoo aliyekufa asubuhi alikuwa amelazwa mlangoni mwa zizi. Mama alimchuna bila haraka, akatoboa matundu ya miguu, akamvisha yatima ile ngozi. Ilimpwaya, ikaburutika chini.

"Haya, bwana harusi," mama alimwambia. "Kapose."

Binti hakucheka. Alipandisha bega la gauni lililompwaya, akajaribu chupa tena. Mtoto aligeuza uso.

"Tangu jana hataki kumeza kitu. Ananikataa, mama. Nikimsogeza kifuani anajikunja kama nimemchoma."

"Mpe muda, mwanangu. Naye ana yake."

"Na asiponikubali? Si atakufa?"

Mama alimsukuma yatima mbele.

Kondoo alinusa ngozi karibu na mkia. Akarudi nyuma, akanusa tena. Halafu akatoa mlio wa chini, wa kooni, ambao hawakuwa wameusikia tangu asubuhi. Yatima akaingia chini ya tumbo lake na kuanza kunyonya.

"Kwa hiyo tumemdanganya," binti alisema.

"Tumemdanganya, na mtoto anashiba. Maziwa yakishamwenea mwilini atanukia kama mama huyu. Ngozi tutaivua."

Ndipo binti alipohisi pumzi za moto shingoni. Mtoto alikuwa ameizamisha pua kwenye kola ya gauni, akinusa, mdomo ukitafuta. Binti alimpa chupa. Safari hii mtoto hakugeuka. Alinyonya macho yamefumbwa, kiganja kimeng'ang'ania kitambaa.

Binti alianza kulia bila sauti. Mama alimsogelea. Mikono yake ilikuwa na damu, hakumshika. Aliinamisha uso begani kwake, akavuta pumzi ndefu, akabaki hapohapo.

"Usilifue gauni hili," alinong'ona. "Bado lina harufu ya marehemu dada yako."